Jibu: Upinde wa triga kwa kuvulia samaki

Mkuu, umeuliza kama ule upinde wako wenye kitako na triga utafaa kwa kambare na kamongo huko Ilemela, Mwanza. Utafaa, ila mwone kwanza afisa uvuvi. Si kila zana inaruhusiwa Ziwa Victoria.

Mishale ya kawaida weka kando. Tafuta wa faibaglasi, mzito, usio na manyoya, wenye kichwa cha miiba inayogeuzwa ili umchomoe samaki. Kasheshe iko kwenye kamba ya kumvutia samaki. Ukiifunga nyuma ya mshale inaweza kunasa kwenye ugwe (kamba ya upinde), mshale ukakurudia usoni! Ifunge kwenye kipete kinachoteleza juu ya mshale, na kabla ya kufyatua kipete kikae mbele kabisa. Rili (kigurudumu cha kukunjia kamba) nayo ifunge mbele, kamba isipite juu ya njia ya mshale. Na usifyatue upinde mtupu, utapasuka.

Kulenga: maji humfanya samaki aonekane juu kuliko alipo. Akiwa mita 3 kutoka kwako, kina cha sentimita 30, lenga kama sentimita 10 chini ya pale unapomwona. Ila maji yetu yakishakuwa ya kijani kwa mwani huoni kitu, hapo mwenye ndoana atakupiga bao.