Kuhusu usingizi wa mumeo

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mkwe wangu amepona sonona, kwa kuwa tangu aanzishiwe dawa analala saa tatu tu kwa usiku, anaamka mkakamavu, maneno yanamtoka mfululizo na tayari amekopa fedha za kufungua biashara mbili kwa mpigo. Nasikitika kwamba siwezi kukupongeza. Aliyekosa usingizi huamka amechoka. Asiyeuhitaji, na bado akawa na nguvu kuliko waliolala, yumo katika hali nyingine, na huenda ugonjwa wake ni bipola, yaani ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kwenye msisimko mkubwa na kumshusha kwenye sonona, ambao mara nyingi huanza kwa sonona na kwa hiyo hudhaniwa kuwa sonona tupu.

Hali hiyo ikidumu wiki moja na kuvuruga kazi au nyumba, madaktari huiita mania. Iliyo nyepesi zaidi, ya siku nne au kupita, huitwa haipomania, nayo haifiki kwa daktari kwa urahisi, maana mgonjwa huiona kuwa ndiyo afya yenyewe. Nani aende hospitali kulalamikia furaha? Basi usimwachie asimulie peke yake. Andika tarehe, saa alizolala na fedha alizotumia, na ueleze kama katika ukoo wao yupo aliyewahi kuugua hivyo.

Mrudishe kwa daktari leo, kwani dawa ya sonona ikitumiwa peke yake inaweza kumpandisha mgonjwa wa bipola hadi kwenye mania. Ama kuiacha au kuibadilisha, daktari ndiye aamue. Huenda akapewa lithiamu, dawa ya kutuliza kupanda na kushuka huko, ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949, na ambayo hadi leo husifiwa hasa kwa kupunguza hatari ya mgonjwa kujiua. Ni dawa yenye masharti: damu hupimwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, figo na tezi ya thairoidi iliyoko shingoni huchunguzwa mara kwa mara, na kiwango chake katika damu huweza kupanda hadi kudhuru kwa sababu ya kuhara, kupungukiwa maji au hata vidonge vya maumivu vya ibuprofeni. Ukimwona anatapika, anatetemeka sana au anayumba, mpeleke hospitali papo hapo. Akitulia asiiache, kwa kuwa utulivu huo ndio kazi yake.

Kwa sasa mwombe akukabidhi kadi ya benki. Akikataa, usibishane naye usiku. Akizungumzia kufa, usimwache peke yake hata kidogo.

Mama yako