Mwani kuwa mweupe ghafla ndani ya tangi la samaki wa baharini
Pole ndugu. Kama mwani wako uliogeuka mweupe ni kaulerpa (aina ya mwani wa kijani wa baharini), basi mwani huo umetoa mbegu zake za uzazi. Ndiyo maana umeamka ukakuta majani meupe, laini kama nailoni, na maji yana ukungu wa kijani. Mmea mzima ni seli moja, hivyo ukishamwaga vilivyomo unakufa na kurudisha majini virutubisho ulivyofyonza, kama naitreti (inayotokana na uchafu wa samaki). Toa yaliyopauka sasa hivi kabla hayajaoza, badilisha sehemu ya maji, na pampu ya hewa usiizime kabisa, maana oksijeni hushuka. Uliobaki kijani upunguze mara kwa mara, ukiung'oa kamba nzima. Mimi ningekushauri uhamie kaetomofa, mwani mwingine wa kijani, ule wa nyuzinyuzi. Huo ni nadra sana kumwaga mbegu na kufa ghafla hivyo.