Hita ya shawa au ya tangi? Angalia kwanza maji yako

SWALI: Fundi habari za kazi. Nyumbani tupo watu watano, bafu mbili, maji yetu ni ya kisima yana chumvi kiasi na yanashuka kutoka tangi la juu ya paa. Mume wangu anataka hita za shawa zile za papo kwa papo maana bei yake ni rahisi, mimi nataka ya tangi. Fundi umeme aliyekuja anasema atavuta umeme kwenye soketi ya chumbani kazi iishe siku hiyohiyo. Tufanyeje? Mama wa watatu.

JIBU: Salama mama. Naanza na hilo la mwisho maana ndo limenishtua, soketi ya chumbani msikubali kabisa. Hita ya shawa yenye kilowati 5 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 22, soketi ya kawaida mwisho wake 13 au 16. Nilishawahi kufungua swichi ya hita nyumba moja nikakuta plastiki imegeuka rangi ya chai, ganda la waya limelainika unalibonyeza na kucha linabonyea, na watu walikuwa wanaoga hapo kila asubuhi! Hita, iwe ya aina gani, inataka waya wake peke yake kutoka meinswichi, breka yake, ethi iliyofika ardhini kweli na kifaa cha kukata umeme ukivuja.

Sasa chumvi. Angalia ndani ya birika lako la chai, ule ukoko mweupe ndo utakaoganda kwenye koili ya hita, yaani ule waya unaopasha maji. Halafu hita nyingi za shawa koili yake iko wazi ndani ya maji, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji yasiyo na chumvi, ndo maana watu wanalalamika bomba linawapiga shoti. Zipo za maji ya chumvi ambazo koili imefunikwa, kwa hiyo mzee akishikilia ya shawa basi aulize hiyo hiyo, asiridhike na "hii inafaa maji yote".

Jambo jingine, hita ya papo kwa papo haina miujiza. Kilowati 5 maji yakipita lita 3 kwa dakika yanapanda joto kama nyuzi 24, ukifungua mpaka lita 6 yanapanda 12 tu, unaoga uvuguvugu. Na tangi la paa likiwa chini sana presha inakuwa ndogo hita haiwaki kabisa, kila mita 10 za kwenda juu ndo zinakupa presha ya ba 1 tu.

Kwa watu watano mimi nipo upande wako mama. Hita ya tangi la lita 50 likiwa nyuzi 60 ukichanganya na maji ya nyuzi 20 unapata kama lita 100 za kuogea, yaani ndoo tano za lita 20, kila mtu na yake. Mkiwa mnaoga shawa kwa kujiachia chukueni lita 80 au 100. Lenye kilowati 2 linachemsha hizo 50 kwa saa moja na kidogo, hivyo liwasheni mapema. Msilishushe chini ya 60 kwa kubana umeme, maji ya vuguvugu yakikaa yanafuga bakteria, ila wekeni bomba la kuchanganya maana nyuzi 60 zinaunguza ngozi ya mtoto haraka sana.

Ndani ya tangi kuna kijiti cha magnesiamu kinacholiwa na kutu badala ya tangi lenyewe, kwa maji yenu kikaguliwe kila mwaka. Na ile valvu ya usalama ikidondosha matone wakati maji yanachemka msiizibe jamani, ndo inayozuia tangi lisipasuke.

Hita ya gesi sijaigusa kwa kuwa hukuuliza, ila akija mtu kuwashauri aifunge ndani ya bafu mkataeni, moshi wake una sumu isiyo na harufu.