Ukitaka kukielewa Chuo Kikuu cha Chernivtsi, anza na mwenye nyumba

Msomaji ameuliza: chuo kilianzishwa 1875, jengo likaanza kujengwa 1864, iweje? Swali hili linawakwamisha wengi. Ndugu zangu mnaopenda majengo ya kale, umri wa chuo na umri wa kuta zake ni mambo mawili, msiyachanganye.

Jumba lile jekundu la magharibi mwa Ukraine halikujengwa kwa ajili ya wanafunzi. Askofu Yevhen Hakman alitaka makao yenye hadhi kwa Kanisa la Kiorthodoksi la Bukovina, wakati huo jimbo la Dola ya Austria. Kazi akapewa msanifu majengo Mcheki, Josef Hlávka, ikaisha 1882, Hakman akiwa ameshafariki tangu 1873. Chuo kilifunguliwa kwa jina la Kaizari Franz Joseph, kikifundisha kwa Kijerumani, na kikakabidhiwa jumba hilo 1955, enzi za Wasovieti. Kwa hiyo ukisoma kwamba Joseph Schumpeter, aliyefundisha uchumi Chernivtsi 1909 hadi 1911, alikuwa na ofisi humo, tilia shaka: palikuwa kwa askofu.

Ukishamjua mwenye nyumba, mpangilio unajieleza. Tafuta sehemu tatu: makao ya askofu, seminari na kanisa lake lenye kuba, na nyumba ya watawa yenye mnara wa saa. Halafu inua macho, maana watu huishia kupiga picha lango na kuondoka! Paa lina vigae vya rangi vinavyong'aa, vimepangwa kwa nakshi kama za nguo zinazofumwa na wenyeji wa Bukovina. Hapo ndipo Hlávka alipoonyesha kwamba amewatazama watu wa mahali pale.

Sehemu za ndani ziliharibiwa na moto wa 1944, basi usidhani kila pambo ni la karne ya 19. UNESCO ililiweka jumba hilo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 2011.

Ukichunguza ukarabati wa jengo lolote la tofali la umri huo, tazama viungo, yaani nafasi kati ya tofali zilizojazwa chokaa au saruji. Saruji ni ngumu kuliko tofali la zamani na haipitishi unyevu vizuri kama chokaa. Maji yakikwama kwenye tofali, baridi huyagandisha, yanatanuka, na uso wa tofali unabanduka vipande. Kwenye vigae, nyufa za tabaka la juu huleta balaa lilelile. Anayeziba viungo kwa saruji anaua tofali lenyewe. Aulize kwanza chokaa ya awali ilichanganywa na mchanga gani.