Iacheni Hiyo Pini

Jana nimemkuta mmoja wenu, ninyi wapya mnaoandaa karatasi za zamani za mnada, ameinamia mkataba wa miaka ya hamsini, kitoa pini za stepla mkononi, ulimi umetoka pembeni kama mtoto wa chekechea anayejifunza kuandika. Nikapiga kelele ofisi nzima ikageuka. Samahani kwa kelele, mdogo wangu, ila sababu ya kelele naisimamia. Kila mwaka mnaletwa wapya, na kila mwaka mnajikwaa palepale nilipojikwaa mimi.

1. Someni vifungu kabla ya kukodolea macho sahihi. Mikataba hii ya simulizi za mastaa ina mwenye maisha, mwenye kalamu na wenye jarida, na ugomvi huzaliwa katikati yao. Mwaka 1954 Marilyn Monroe alimsimulia maisha yake Ben Hecht, yule aliyeondoka na Oscar ya uandishi kwenye hafla ya kwanza kabisa, 1929, ili ayaandike kama Marilyn mwenyewe. Wakala wa Hecht akayauza bila idhini ya Marilyn kwa gazeti la Empire News la London, yakachapwa mwaka uleule. Kitabu kilitoka 1974, wote wawili wameshakufa, na jina la Hecht halikuwamo. Ndiyo maana karatasi inayosema nani aliruhusu nini, kichapwe wapi, ni mali. Bila vifungu hivyo mnauza sahihi ya staa tu, na hizo zimejaa sokoni, nyingine zimetiwa na makatibu wao.

2. Pini. Hapa mnivumilie.

Mwaka wangu wa kwanza, kwenye nyumba ya mnada nisiyoitaja, nilipewa mkataba wa mwigizaji mmoja: kurasa tatu, kopi ya kaboni. Malipo, idadi ya makala na jina la mwandishi vilikuwa kurasa mbili za mwanzo. Ya tatu ilikuwa na mistari minne ya kisheria ambayo ungeikuta hata kwenye mkataba wa kupanga nyumba, kisha sahihi ya wino. Pini ilikuwa imeshika kutu. Mimi na usafi wangu wa bweni, nikaichomoa, nikaitupa. Doa la kutu la ukurasa wa tatu nikalisugua kwa kifutio mpaka likafifia. Kila ukurasa nikautia kwenye mfuko wake, nikampelekea bosi nikingoja sifa. Akauliza, “Pini iko wapi?” Nikacheka. Yeye hakucheka.

Siku ya maonyesho, wateja wanapokagua mali kabla ya mnada, mmoja akauliza swali moja tu: nitajuaje huu wa tatu ni wa hizi mbili? Matundu yalilingana, lakini tundu hata mimi natoboa. Doa lililopenya kurasa zote mahali pamoja ndilo lilikuwa shahidi, nami nimeshalifuta. Loti, yaani mkataba ule uliopangwa kuuzwa, ikaondolewa mnadani.

Karatasi ile ilikuwa ya mama mmoja mjane. Marehemu mumewe ndiye aliyeandika makala zile, na jarida halikumtaja hata mara moja. Jina lake lilikuwa kwenye ukurasa ule wa kwanza basi. Niliambiwa nimpigie mwenyewe. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kwa upole kama angalau pini nimemwekea.

3. Sahihi ilinganisheni na hundi na mikataba ya mwaka uleule, msiilinganishe na picha za mashabiki.

4. Anayenunua karatasi hanunui haki ya kuchapa hadithi. Andikeni hivyo kwenye katalogi, maana kuna bwana aliwahi kunipigia saa tano usiku akiuliza aanze lini kutafuta kiwanda cha uchapaji, na alikuwa ameshaandika dibaji.

5. Karatasi za Hecht ziko maktaba ya Newberry, hapahapa Chicago. Nendeni na penseli, kalamu za wino ziacheni nyumbani.

Na wewe wa jana: ulishaunyanyua mguu mmoja wa pini. Nimeuacha ulivyo, umepinda. Kwenye taarifa ya hali ya loti andika kwamba umepinda, lini, na nani kaupinda.