Maswali Yenu: Tarehe Zinazogombana na Vyeti Vinavyochakaa

SWALI: Bibi yangu mzaa mama ana tarehe tatu za kuzaliwa. Cheti chake cha ndoa cha tarehe 12 Juni 1949 kinasema alikuwa na miaka 18. Kitambulisho kinasema alizaliwa 1 Januari 1928. Kaburini pameandikwa alifariki 3 Machi 2001 akiwa na umri wa miaka 70. Kwenye mti wa ukoo niandike ipi?

JIBU: Ziandike zote tatu, kila moja na mahali ilikotoka, ndipo uanze kuzipima. Usichukue wastani.

Kila karatasi iulize mambo mawili: nani alitoa taarifa hii, na aliitoa baada ya muda gani? Hapo hakuna hata moja iliyoandikwa bibi alipozaliwa. Cheti cha ndoa ni shahidi mzuri wa ndoa. Kuhusu kuzaliwa, ni maneno ya binti aliyesimama mbele ya karani miaka 18 baadaye, na wapo waliojiongezea mwaka ili waruhusiwe kuolewa. Tarehe 1 Januari ya kitambulisho itilie shaka mara moja. Makarani wengi wakipewa mwaka bila siku hujaza 1 Januari, kwa hiyo siku na mwezi havina thamani, na mwaka wenyewe huenda ulikisiwa. Maandishi ya kaburini ni maneno ya watoto, ambao hawakuwapo mama yao alipozaliwa.

Sasa piga hesabu. Umri hautoi mwaka mmoja, hutoa kipindi cha miezi 12. Aliyekuwa na miaka 18 tarehe 12 Juni 1949 alizaliwa kati ya 13 Juni 1930 na 12 Juni 1931. Aliyefariki 3 Machi 2001 akiwa na miaka 70 alizaliwa kati ya 4 Machi 1930 na 3 Machi 1931. Vipindi hivyo viwili vinakutana kati ya 13 Juni 1930 na 3 Machi 1931. Hapo ndipo pa kuandika "kati ya Juni 1930 na Machi 1931", huku 1928 ikibaki kwenye maelezo ya chini na sababu ya kuiweka kando.

Kabla hujafurahi, ulizia nani alimpa mchongaji ule umri wa miaka 70. Kama waliutoa kwenye cheti hichohicho cha ndoa, huna mashahidi wawili. Unaye mmoja aliyesema mara mbili. Kisha pima na ndugu zake. Ukikuta kaka yake alizaliwa Novemba 1930, kipindi chako chote kimevunjika, isipokuwa kama walikuwa mapacha au mama zao ni tofauti. Na kama ukoo wenu ulihesabu umri kwa kalenda ya Hijria, kumbuka mwaka wake una siku 354 au 355, hivyo miaka 70 ya huko ni kama 68 ya kalenda ya kawaida. Kugeuza mwaka wa Hijria kwa makadirio, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: mwaka 1340 unakupa karibu na mwisho wa 1921, na kweli mwaka huo ulianza Septemba 1921 ukaisha Agosti 1922.

SWALI: Shangazi ananishauri nipeleke vyeti na barua za babu vikapigwe laminesheni kabla havijaisha kabisa. Baadhi vimeungwa kwa selotepu, na picha zimebandikwa kwenye albamu ya kurasa zenye gundi. Nifanyeje?

JIBU: Mwambie shangazi kwa heshima kwamba hapana. Mashine ya laminesheni huyeyusha gundi kwa joto na kuishindilia ndani ya nyuzi za karatasi. Haitoki tena bila kuharibu maandishi, na asidi iliyomo kwenye karatasi yenyewe inaendelea kuila ikiwa imefungiwa humohumo. Tumia bahasha angavu iliyo wazi upande mmoja, ya poliesta au polipropilini. Epuka ya PVC, ile laini yenye harufu kali ya plastiki: ikizeeka hutoa asidi na kunata kwenye wino.

Kwanza toa vyuma na mipira. Pini ya stepla usiing'oe kwa kucha wala kwa kile kifaa chenye meno. Geuza karatasi, penyeza kipande chembamba cha plastiki ngumu chini ya miguu ya pini ili kuikinga karatasi, inua mguu mmoja mmoja kwa ncha butu ya kisu hadi isimame, kisha geuza tena na uivute kutoka mbele. Mipira na vibanio vilivyoshika kutu navyo vitolewe taratibu. Barua zikunjuliwe na zilazwe bapa. Zile ngumu zinazotoa mlio kwenye mkunjo usizilazimishe.

Selotepu iache ilivyo. Gundi yake hugeuka manjano na kupenya, lakini ukiibandua kavu inaondoka na wino. Hiyo ni kazi ya fundi wa kuhifadhi nyaraka. Wewe usiongeze nyingine tu.

Albamu ya gundi ina hatua zake. Piga picha kila ukurasa kama ulivyo kabla hujagusa kitu, kwa sababu mpangilio na maneno ya pembeni ndiyo yatakayokwambia nani ni nani. Kisha pitisha uzi wa kusafishia meno usio na nta nyuma ya picha, ukiusogeza kama msumeno, huku picha imelala bapa. Ikigoma, acha. Bora picha iliyokwama kuliko picha iliyochanika usoni. Usitumie kikaushio cha nywele chenye joto: joto hulainisha sura ya picha pamoja na gundi.

Majina yaandikwe nyuma ya picha, pembeni, kwa penseli laini ya 2B, picha ikiwa juu ya kitu kigumu. Kalamu ya wino huacha alama iliyoinuka inayoonekana mbele. Karatasi za picha za kisasa zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli. Hizo andika kwenye bahasha yake kabla ya kuiingiza picha.

Sanduku liwe la kadibodi isiyo na asidi, likae kwenye kabati la ndani ya nyumba. Darini kuna joto, sakafuni kuna maji na wadudu. Unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 35 na 50 unafaa. Ukizidi 65 kwa muda mrefu ukungu unaanza. Karatasi zikilowa una kama saa 48 kabla ya ukungu. Zitandaze, pitisha hewa kwa feni isiyozielekea moja kwa moja, weka karatasi nyeupe za kufyonza kati yake na uzibadilishe. Zikiwa nyingi kupita uwezo wako, zifunge kwenye mifuko na uzigandishe kwenye friza, ambapo zitasubiri bila kuharibika zaidi.

Na skani kabla ya yote hayo, kwa sababu kila unapogusa unahatarisha. Picha ziskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, barua 300 hadi 400, mbele na nyuma, hata nyuma ikiwa tupu yenye muhuri tu wa studio. Picha ya sentimita 10 kwa 15 kwa nukta 600 ni kama megabaiti 25 ikihifadhiwa kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Hiyo ndiyo nakala kuu. Ya kutuma kwa ndugu itoe kwenye nakala hiyo kama JPEG. Usitegemee nakala iliyopita kwenye programu za kutumiana ujumbe, maana nyingi hubana picha. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba yako.

SWALI: Babu ana zaidi ya miaka 90 na anakumbuka mengi, ila nikimuuliza mwaka anajibu "zamani sana". Nitapataje tarehe?

JIBU: Acha kuuliza mwaka. Kabla hujaenda, tengeneza orodha ya matukio ya eneo lake ambayo tarehe zake zimeandikwa: vita, njaa, mafuriko, nzige, kufariki kwa mtawala, kubadilishwa kwa sarafu, kufunguliwa kwa reli au shule. Kisha uliza yeye alikuwa wapi na alikuwa mkubwa kiasi gani. Alikuwa anabebwa mgongoni? Alikuwa ameanza shule? Alikuwa ameoa? Ukipata "nzige walipokuja nilikuwa natumwa dukani peke yangu", umepata mwaka wake wa kuzaliwa kwa kukosea miaka miwili au mitatu, na unaweza kuueleza kwa msomaji.

Usimtilie majibu mdomoni. Ukiuliza "ulizaliwa kabla ya vita, siyo?" atakubali ili kukuridhisha. Na akimtaja mtu kuwa "ndugu yake", fuatilia papo hapo: baba mmoja? mama mmoja? au wa ukoo tu? Mwombe ataje watoto wote kwa mfuatano, pamoja na waliofariki wachanga, kwa upole. Hao ndio wanaojaza mapengo ya miaka mitano kati ya mtoto na mtoto. Tenganisha alichokiona na alichosimuliwa.

Saa moja au moja na nusu inatosha kwa siku. Simu ya kurekodi iweke nusu mita kutoka kwake juu ya kitambaa kilichokunjwa, maana meza tupu hubeba kila kishindo, uzime mtandao wake, na pia feni na redio. Omba ruhusa, kisha rekodi ianze kwa kutaja tarehe, mahali na majina ya waliopo. Hifadhi kama WAV, faili ya sauti isiyobanwa, ikiwezekana. Siku nyingine rudia maswali yaleyale kwa mpangilio tofauti. Panapotofautiana andika yote mawili.

Onyo moja: nasaba inayosimuliwa hufupika. Majina yanayofanana huungana na vizazi visivyo na sifa husahaulika. Kizazi kimoja kwa kawaida ni miaka 25 hadi 35. Ukipewa majina matano ya kufika miaka 300 nyuma, ni miaka 60 kwa kila kizazi, kwa hiyo kuna majina yaliyoanguka katikati. Chora mstari wa nukta badala ya mstari kamili.

SWALI: Nimejaza watu 400 kwenye programu ya nasaba. Ikifungwa kesho nitapoteza kila kitu?

JIBU: Hutapoteza ukitoa faili ya GEDCOM mara kwa mara, yaani faili ya kuhamisha mti wa ukoo kutoka programu moja hadi nyingine. Mfumo huo ulianza 1984 na karibu kila programu ya nasaba inausoma. Toleo la 5.5.1 ndilo lililoenea, na la 7.0 lilitoka 2021. Kumbuka kwamba GEDCOM ya kawaida ni maandishi matupu: hubeba njia ya kuelekea picha, haibebi picha zenyewe. Ijaribu. Ifungue kwenye programu nyingine, hesabu kama watu ni 400, kisha chagua kumi uone kama maelezo na vyanzo vyao vimefika. Mara nyingi vyanzo ndivyo vinavyopotea. Kabla ya kumpa mtu faili, ficha walio hai.

Chapisha pia orodha ya mababu kwenye karatasi kwa namba: wewe 1, baba 2, mama 3. Baba wa mtu yeyote ni namba yake mara mbili, mama ni mara mbili na kuongeza moja. Kwa hiyo 13 ni mama wa 6, na 6 ni baba wa mama yako. Wanaume wote ni shufwa na wanawake witiri, isipokuwa wewe mwenyewe.

SWALI: Nimepima DNA nikaambiwa nina binamu wa kwanza nisiyemjua, tunashirikiana sentimogani 870 (kipimo cha kiasi cha DNA tunachoshiriki). Baba na mama kila mmoja ni mtoto wa pekee kwa wazazi wake. Kipimo kimekosea?

JIBU: Namba huenda ni sahihi, jina "binamu wa kwanza" ni makisio ya programu. Binamu wa kwanza hushirikiana wastani wa kama 870, lakini huweza kuwa 400 au hata 1,400. Kiwango hichohicho huwafaa ndugu wa babu au bibi yako, mtoto wa babu au bibi yako kwa mwenza mwingine, na mtoto wa ndugu yako mliyechangia mzazi mmoja tu. Umri husaidia kuchuja: aliyekuzidi miaka 40 si rahisi awe wa kundi hili la mwisho. Kama wazazi wa mmoja wenu walikuwa jamaa, namba hupanda, na uhusiano huonekana wa karibu kuliko ulivyo.

Jua kwanza ni upande gani. Ndugu wa upande wa mama aliyepima akitokea pia kwenye orodha ya jamaa ambao kipimo kimempa huyo mtu, tafuta huko. Ila fahamu kwamba jibu huenda likamgusa mzee aliye hai na siri aliyoitunza maisha yote, hivyo usilipeleke kwenye kundi la familia. Ujumbe wa kwanza kwa huyo mtu uwe mfupi: mmeonekana kuwa jamaa, majina ya ukoo wa babu na bibi zako ni haya, je, lipo analolifahamu? Makisio yako kuhusu mzazi wake usiyataje mpaka ayaulize yeye.