Kahawa ya Moshi na makombora ya Bahari ya Shamu: je, hatari haikuonekana mapema?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasafirisha kahawa nje, niko Moshi. Meli ziliposhambuliwa Bahari ya Shamu, mzigo wangu wa Ulaya ulizungushwa Afrika Kusini ukachelewa. Hivi wataalamu wa usalama hawakuliona hili? Na nchi isiyo na manowari kule ingefanya nini?

Jibu: Marahaba. Lilionekana. Julai 2018 Wahouthi, kundi lenye silaha la Yemen, walishambulia meli za mafuta za Saudi Arabia karibu na Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, hadi Saudi Arabia ikasitisha kwa muda kupitisha mafuta yake hapo. Walipoiteka meli ya Galaxy Leader tarehe 19 Novemba 2023, eneo lilikuwa lilelile, kusini mwa Bahari ya Shamu.

Katika kazi yetu tunatazama uwezo na nia. Uwezo hujengwa kwa miaka, nao huonekana: makombora, droni, mafunzo. Nia hugeuka ghafla, kama ilivyogeuka vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, Wahouthi wakasema wanawaunga mkono Wapalestina. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kungoja nia ijitokeze ndipo watu waanze kujipanga. Wakati huo umeshachelewa.

Lakini kuona peke yake hakutoshi, na sisi wa Arusha tunalijua hilo kwa uchungu. Mkataba wa amani wa Rwanda ulisainiwa hapa tarehe 4 Agosti 1993. Tarehe 11 Januari 1994 Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa walinda amani nchini Rwanda, aliwaarifu wakubwa wake wa Umoja wa Mataifa, New York, kuhusu silaha zilizofichwa Kigali, akaeleza kwamba anakusudia kuzikamata. Wakamkatalia. Onyo lilishafika mezani kabla ya mauaji ya kimbari. Hakukuwa na uamuzi uliokubaliwa kabla, kwamba tukiona hiki tunafanya kile.

Manowari si lazima. Tuna ubalozi Muscat, na Oman ndiyo iliyosimamia makubaliano ya Marekani na Wahouthi ya kusitisha mapigano, Mei 2025. Undugu wetu na Waomani, hasa kupitia Zanzibar, ni wa siku nyingi. Ningetamani ubalozi ule upewe kazi hii waziwazi: kuuliza, bahari ikiwa bado shwari, meli zipi zinaweza kulengwa na kwa sababu gani, kisha jibu liwafikie wasafirishaji kama wewe badala ya kuishia kwenye jalada Dodoma.

Kwa upande wako, zungumza na mnunuzi sasa. Andikeni kwenye mkataba siku za ziada za kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na nani atabeba gharama meli ikibadilisha njia. Fanya hivyo hata ukisikia njia imefunguka.